Pikapu ya Zamani ya Silinda Sita: Injini Izunguke Kiasi Gani?

Wenye pikapu za zamani zenye silinda sita za mstari huniuliza injini inaweza kufika mizunguko mingapi kwa dakika kabla haijaharibika. Kufika ni jambo la sekunde chache. Kinachozimaliza injini hizi ni kukaa huko juu kwa saa nzima, kwa hiyo mimi huanza na mizunguko ya safari, ukomo huja baadaye.

Naendesha Ford F-150 yenye injini ya lita 4.9, ile iitwayo 300 kwa sababu ujazo wake ni inchi 300 za ujazo. Ilitengenezwa kuanzia 1965 hadi 1996, na ni injini ya kazi hasa. Pistoni yake husafiri takriban milimita 101 kutoka juu hadi chini. Kwa mizunguko 3,000, wastani wa mwendo wake ni mita 10 kwa sekunde. Kwa 4,000 unapita mita 13. Mkazo kwenye konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na krenki, yaani mhimili mkuu wa injini) na bolti zake hupanda haraka kuliko hapo: kutoka 3,000 hadi 4,000 unakaribia kuwa mara mbili. Na faida yake? Hakuna. Kwenye matoleo yanayotumia sindano za mafuta badala ya kabureta, torki (nguvu ya kuzungusha) hufika kileleni karibu na 2,000, nguvu karibu na 3,400. Ukishapita hapo unanunua kelele, joto na mafuta tu.

Kwa hiyo safari ndefu naiweka kati ya 2,000 na 2,800. 3,500 ni ya kulipita gari jingine au kumalizia mlima, injini ikiwa imeshapata moto. 4,000 siitafuti, hata kama injini isiyo na hitilafu ingeivumilia kwa muda mfupi. Asubuhi oili ikiwa bado nzito, sivuki 2,000 mpaka geji ya joto isimame mahali pake.

Kosa ninaloliona zaidi, hata hivyo, liko upande wa chini. Watu wanajua silinda sita ina torki, basi wanapanda mlima na mzigo kwa gia ya juu, mguu umezama kwenye mafuta, injini inagugumia kwa 1,100. Wanadhani wanaitunza. Kwa mwendo huo pampu ya oili inasukuma kidogo, utando wa oili kwenye beringi za krenki ni mwembamba, na wakati huohuo kila mlipuko unakandamiza pistoni kwa nguvu zote. Ukisikia injini inagonga kama kokoto ndani ya kopo, shusha gia mara moja. 2,400 kwa mguu mwepesi ni salama kuliko 1,200 kwa mguu mzito. Nasema hivi kwa uhakika, na ningependa kila dereva wa pikapu alijue.

Kuteremka ni habari nyingine. Ukitumia injini kushikilia gari, magurudumu ndiyo yanayoizungusha, na kuachia mafuta hakuzuii lolote. Ukiweka gia ya chini mno inaweza kupitishwa ukomo wake bila wewe kukanyaga kitu. Chagua gia mapema, kisha tumia breki kwa vipindi ili ubaki chini ya 3,500.

Kagua pia puli ya mbele ya krenki. Silinda sita za mstari husifiwa kwa utulivu, na ni haki yake, lakini krenki yake ni ndefu na hujipinda kidogo kwa kila mlipuko. Puli hiyo ina utepe wa mpira unaomeza mtetemo huo. Mpira ukipasuka au pete ya nje ikianza kuhama, mizunguko mikubwa inakuwa hatari kweli, na hapo hata 3,000 siiamini.

Pikapu nyingi za zamani hazina mita ya mizunguko. Ukifunga ya kuongeza, hakikisha imewekwa kwenye silinda sita. Ikiwa imeachwa kwenye nane, itakuonyesha 2,250 wakati injini iko 3,000.

Bila mita, hesabu kwa difu, yaani gia za ekseli ya nyuma: difu ya 3.55 maana yake shafti huzunguka mara 3.55 kila gurudumu likizunguka mara moja. Chukua tairi ya 235/75R15, ambayo gurudumu lake huzunguka karibu mara 750 kwa dakika gari likienda kilomita 100 kwa saa. Kama gia ya juu ni moja kwa moja (shafti huzunguka sawa na injini) na difu ni 3.55, injini iko karibu na 2,650. Difu ikiwa 4.10, iko karibu na 3,050 kwa mwendo uleule. Mwenye difu hiyo akishuka hadi kilomita 85 kwa saa anapata 2,600, na kama anasafiri mbali kila wiki, gia ya ziada ya juu au difu ya uwiano mdogo itamfaa kuliko kitu chochote atakachobadilisha ndani ya injini.