Ugomvi wa nyumbani ulioingia kwenye hadithi

Ndugu yangu wa Nyakato, unasema shemeji amenuna tangu asome hadithi yako, kwa kuwa ugomvi wenu wa pesa ya matumizi umo humo, na sasa huandiki hata mstari. Kwanza muombe radhi, bila kujitetea kwamba hiyo ni sanaa.

Kosa lako ni kubadilisha jina tu. Jirani hamtambui mtu kwa jina. Anamtambua kwa misemo yake, kazi yake na kile mnachogombania. Badilisha vyote vitatu, ubakize uchungu peke yake. Mume na mke wanaozozania matumizi wageuze wawe ndugu wawili pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza: mmoja kauza dagaa wa mwenzake kwa mkopo, mvua imewalowesha waliobaki vichanjani, na mwenye mzigo anataka hela yake leo. Hasira ni ileile, nyumba yako haimo. Halafu rasimu aisome shemeji kabla ya mtu mwingine yeyote. Sentensi atakayoikataa, ifute, nyingine utapata.

Kuhusu kukwama, usikeshe ukingoja wazo. Amka saa 11 alfajiri, andika dakika 40, uache katikati ya tukio ambalo unajua linaelekea wapi, ili kesho usianze na ukurasa mtupu. Kisha funga daftari, ubandike chai na uwaandae watoto wa shule. Ukimwachia mwenzio hayo kila asubuhi, ataichukia hata hadithi isiyomtaja.