Kwangu inakubali, kwenye seva inagoma

Kwanza niondoe utata: sheli ninayoijibia hapa si ile ya kujazia mafuta. Ni ile programu inayopokea amri unazochapa kwenye dirisha jeusi: bash, zsh, dash na ndugu zao. Amri zake zikiandikwa kwenye faili, faili hilo huitwa skripti. Nyingi zilizaliwa kwenye Unix, mfumo endeshi mkongwe ambao Linux imeufuata (Ubuntu na Debian ni aina za Linux), wakaja watu wakazihamishia Windows, Mac, hadi kwenye simu. Maswali ya safari hii karibu yote yametoka kwa waliohama nazo.

Shikamoo fundi. Skripti yangu ya kuhifadhi nakala nimeiandika kwenye laptopu ya Windows. Nikiipandisha kwenye seva ya Ubuntu najibiwa `/bin/bash^M: bad interpreter: No such file or directory`. Bash ipo, nimeiona kwa macho yangu. Niisakinishe upya? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Usisakinishe chochote. Bash ipo kweli, ila seva haiitafuti hiyo. Inatafuta nyingine yenye herufi ya ziada mkiani mwa jina. Windows hufunga kila mstari kwa herufi mbili zisizoonekana, CR na LF. Unix hutosheka na LF. Ni urithi wa mashine za teletaipu: CR ilirudisha kichwa cha kuchapia mwanzo wa mstari, LF ikasogeza karatasi. Linux ikikuta ile CR mwishoni mwa mstari wa kwanza, ule `#!/bin/bash` unaotaja sheli ya kutumia, inaihesabu kuwa sehemu ya jina la programu.

Chapa `cat -A nakala.sh | head -n 3`. Mstari ulio salama huishia na `$` peke yake. Wako utaishia na `^M$`; hiyo `^M` ndiyo CR. Ziondoe kwa `sed -i 's/\r$//' nakala.sh`, na kama unatumia Git (programu ya kutunza matoleo ya mafaili) weka `*.sh text eol=lf` kwenye faili la `.gitattributes`, la sivyo kesho zitarudi. Ukikutana na ushauri wa kuweka `set -o igncr`, upite: hiyo ni ya bash ya Cygwin (mkusanyiko wa zana za Unix zinazoendeshwa kwenye Windows), bash ya Linux haiijui.

Tena wewe una bahati, umegombezwa mlangoni. Ukiiendesha kwa `bash nakala.sh`, ule mstari wa juu unachukuliwa kama maoni tu na CR zinapenya hadi ndani. Niliwahi kuacha skripti ya namna hiyo ikifanya kazi usiku kwenye seva ya mteja. Asubuhi nikakuta folda mbili zenye jina moja, `nakala` na `nakala`, moja ina mafaili, nyingine tupu. Nilizitazama nusu siku. Ni `ls -b` iliyoniumbulia siri: ya pili jina lake lilikuwa `nakala\r`, na `\r` ni CR ileile.

Kwenye Mac naendesha `sh kagua.sh`, inakubali. Skripti ileile kwenye Ubuntu inasema `kagua.sh: 4: [[: not found`. Na juu nimeandika `#!/bin/bash`! (Msomaji, Kisumu)

Ukishasema `sh kagua.sh` umeichagua sheli wewe mwenyewe. Ule mstari wa juu hakuna anayeujali. Sasa, `sh` ya Mac ni bash iliyovaa jina jingine. Ya Ubuntu ni dash, tangu toleo la 6.10 la mwaka 2006, na Debian ikafuata mwaka 2011. Dash haina `[[`, haina safu (orodha ya thamani ndani ya jina moja), haina `source`. Yenyewe pia ni mhamiaji: imetokana na sheli aliyoiandika Kenneth Almquist mwaka 1989, na Herbert Xu akaitoa NetBSD akaileta Linux mwaka 1997. Ubuntu waliichukua kwa wepesi wake, hasa wakati kompyuta inawaka.

Endesha `bash kagua.sh`, yaishe. Ukitaka skripti iende kote, andika `[ "$jibu" = "ndiyo" ]`, alama ya sawasawa moja, si mbili. Na uachane na `echo` kwa maandishi yenye mkwaju wa kinyume (`\`). Jaribu `echo "C:\nakala"` kwenye dash: utapata `C:` juu na `akala` chini, kwa sababu `\n` imegeuzwa mstari mpya. Kwenye bash ya Ubuntu inatoka ilivyo. `printf '%s\n'` haina ubaguzi huo.

Mac inakataa `declare -A`. (Msomaji, Nairobi)

Bash inayokuja na Mac ni 3.2, ya mwaka 2006. Safu za `declare -A`, zinazotumia majina badala ya namba, zilikuja na bash 4 mwaka 2009, na tangu bash ihamie leseni ya GPLv3, Apple hawajaisogeza. Mwaka 2019 wakaifanya zsh kuwa sheli ya kawaida. Sakinisha bash mpya kwa Homebrew (kisakinishi cha programu za Mac), na mstari wa kwanza uwe `#!/usr/bin/env bash`.

Nipo kwenye Git Bash. Nimechapa `docker run --rm alpine ls /etc`, naambiwa `C:/Program Files/Git/etc` haipo. Mimi sijaandika `C:` popote. (Msomaji, Arusha)

Hukuandika, umeandikiwa. Git Bash, yaani bash inayokuja na Git ya Windows, imejengwa juu ya MSYS2, ndugu wa Cygwin, na hiyo ina mkalimani: ikiona unaita programu ya Windows na kuipa njia inayoanza na mkwaju, inadhani ni njia ya faili na kuitafsiri kwa lugha ya Windows. Mara nyingi inakusaidia, kwani `notepad /c/Users/...` isingefunguka bila yeye. Hapa `/etc` ilikuwa ya ndani ya kontena, ule mfumo mdogo uliotengwa ambao docker huuendesha, naye hakujua.

Mzuie kwa amri moja tu: `MSYS_NO_PATHCONV=1 docker run --rm alpine ls /etc`. Au andika `//etc`. Ila `MSYS_NO_PATHCONV` usiiweke kwenye `.bashrc`, faili ambalo bash hulisoma kila inapoanza, utamfukuza mkalimani hata pale unapomhitaji.

Skripti inasoma miamala 5,000 kutoka faili la CSV. Kwenye Linux inakwisha nikiwa bado nashika kikombe cha chai, kwenye Cygwin naweza kwenda kula. Wakati mwingine inatoa `fork: retry: Resource temporarily unavailable`. (Msomaji, Mwanza)

Umetuma na mistari yenyewe, asante. Kwa kila muamala una `$(echo "$mstari" | cut -d, -f1)`, kisha nyingine kama hiyo ya `-f2`. Kila moja inazaa michakato (programu zinazoendeshwa) mitatu: sheli ndogo, `echo`, na `cut`. Mara mbili, mara 5,000, ni michakato 30,000.

Kwenye Linux hiyo si hoja. Unix ina `fork`, mchakato unajinakili papo hapo, tena kumbukumbu hainakiliwi hadi mmoja aiandike. Windows haina kitu hicho kwa programu za kawaida, kwa hiyo Cygwin inaigiza: inaanzisha mchakato mtupu, inanakili kumbukumbu ya mzazi ndani yake, na kuhakikisha kila DLL (faili la msimbo ambalo programu za Windows huazima) imekaa kwenye anwani ileile aliyokuwa nayo mzazi. Programu ya kuzuia virusi ikijichomeka katikati, anwani zinagongana na mtoto anafia tumboni. Ndiyo ile `fork: retry`. Ikizidi, funga kila kitu cha Cygwin uendeshe `rebaseall`.

Lakini dawa ni kuacha kuzaa ovyo. Bash yenyewe inaweza kukata mstari:

`while IFS=, read -r tarehe kiasi baki; do ... done < miamala.csv`

Hakuna mchakato hata mmoja wa ziada, mradi data yako haina mkato ndani ya alama za nukuu. Na kama CSV imetoka Excel, sehemu ya mwisho ya kila mstari itakuja na CR. Mwenzako wa Morogoro ameshajibiwa hapo juu.

Termux (programu ya sheli ya Android) kwenye simu: nimefanya `chmod +x`, bado `./salio.sh` inasema `Permission denied`. Faili lipo `/sdcard/Download`. (Msomaji, Kigoma)

Sehemu hiyo Android hairuhusu faili kuendeshwa, hata ufanye `chmod` mara kumi. Linakili nyumbani kwa Termux, `cp /sdcard/Download/salio.sh ~`, ndipo ulipe ruhusa. Au liache lilipo useme `bash /sdcard/Download/salio.sh`: hapo inayoendeshwa ni bash, faili linasomwa tu.