Maswali ya Wasomaji: Kurasa Mamia za Nyaraka, na Bado Watu Wanauliza

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nimekabidhiwa kazi ya kuandaa nyaraka za maktaba ya programu iliyoandikwa kwa C++ na watu walionitangulia kazini. Nilisakinisha Doxygen, zana inayozalisha nyaraka kutoka kwenye msimbo wenyewe, na kwa kuwa kurasa zilitoka chache mno, nikabadilisha mpangilio wa EXTRACT_ALL kuwa YES. Baada ya dakika chache nikawa na mamia ya kurasa zenye vichwa, viungo na faharasa. Wenzangu wamezifungua mara moja tu, kisha wamerudi kuniuliza maswali yale yale ya zamani. Je, kasoro iko kwenye zana, kwenye mipangilio, au kwangu mimi?
Msomaji wa siku nyingi

JIBU: Ndugu msomaji, zana yako imefanya yote inayoweza kufanya. Doxygen, ambayo Dimitri van Heesch aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1997, huusoma msimbo na kutambua klasi, fanksheni, vigezo na aina zake, halafu hukusanya maelezo yaliyoandikwa kwa alama maalumu juu ya kila kimojawapo na kuyapanga katika kurasa. Javadoc, iliyokuja pamoja na lugha ya Java katikati ya miaka ya 1990, hufuata njia hiyo hiyo. Jambo ambalo mwandishi wa msimbo hakuliandika, hakuna zana kati ya hizi inayoweza kulibuni.

Mpangilio ulioubadilisha ndio uliokuficha hali halisi. EXTRACT_ALL ikiwa YES, Doxygen hukichukulia kila kitu kana kwamba kimeandikiwa maelezo, na wakati huo huo huzima maonyo ya kukujulisha kwamba fanksheni fulani haina maelezo yoyote. Umepata kurasa nyingi kwa kupoteza orodha ya yale yanayokosekana, na orodha hiyo ndiyo uliyokuwa ukiihitaji kuliko kurasa zenyewe. Irudishe NO, endesha zana upya, uyahifadhi maonyo yote kwenye faili moja. Faili hiyo ndiyo mpango wako wa kazi.

Usianze kuyajibu maonyo hayo kutoka juu kwenda chini. Anza na fanksheni ambazo watu wa nje ya maktaba huziita, na miongoni mwa hizo, zile ambazo wenzako wamekuuliza habari zake wiki hii. Ukiwa na haraka ya kuyamaliza maonyo yote, utajikuta unaandika maelezo yanayorudia jina la fanksheni kwa maneno mengine, na maelezo ya namna hiyo ni mabaya kuliko ukimya, kwa kuwa onyo linatoweka huku msomaji akibaki na kiu yake.

Naomba nikuonyeshe kwa karibu. Wakati fulani nilirithi maktaba ya mawasiliano ambayo nyaraka zake zilikuwa kamili kwa sura. Fanksheni moja iliitwa subiriJibu, na maelezo yake yalikuwa haya:

/**
 * Husubiri jibu.
 * @param muda muda wa kusubiri
 * @return jibu
 */

Hakuna onyo lililotolewa, kwa sababu kigezo kilitajwa na thamani inayorudishwa ilitajwa. Niliandika 30 nikidhani ni sekunde. Zilikuwa milisekunde, na kila ombi lilikatika kabla seva haijapata nafasi ya kujibu. Nilipoteza siku nzima nikiuchunguza mtandao ambao haukuwa na tatizo lolote. Baadaye tuliyaandika maelezo hayo upya:

/**
 * Husubiri jibu la seva hadi muda uliowekwa uishe.
 * Huzuia uzi (thread) unaoiita; usiiite kutoka kwenye uzi wa kiolesura.
 * @param muda kikomo cha kusubiri kwa milisekunde. 0 ni kusubiri bila kikomo
 * @return jibu la seva, au null muda ukiisha
 */

Tazama kilichoongezeka: kipimo, maana ya sifuri, kinachotokea mambo yakienda kombo, na mahali ambapo fanksheni haifai kuitwa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoweza kusomwa kutoka kwenye aina ya kigezo, na ndiyo sababu vinahitaji mtu. Aina, jina na mahali pa faili mwachie mashine. Vipimo, mipaka, makosa na sababu viandike wewe. Nikiyakagua maelezo ya mtu, hujiuliza kama mgeni angeweza kuiita fanksheni hiyo kwa usahihi bila kuufungua mwili wake. Asipoweza, nayarudisha.

Utunze pia sentensi ya kwanza, kwa sababu zana nyingi huikata na kuiweka peke yake kwenye jedwali la muhtasari. Kwa kawaida Javadoc huamini kuwa sentensi imeisha pale inapokutana na nukta inayofuatwa na nafasi, kwa hiyo mtu akiandika “Hubadilisha tarehe, k.m. ya leo, kuwa maandishi”, muhtasari wake utaishia kwenye “k.m.” na msomaji hataelewa kitu. Andika “kwa mfano” kwa ukamilifu, na tatizo litakwisha.

SWALI: Sisi maelezo tunayaandika vizuri, lakini msimbo hubadilika na maelezo hubaki nyuma. Kuna njia ya kuyazuia yasipitwe na wakati?
Kiongozi wa timu ndogo

JIBU: Njia ipo kwa sehemu ile ambayo mashine inaweza kuikagua. Kigezo kikibadilishwa jina na maelezo yakabaki na jina la zamani, Doxygen hutoa onyo, na ukiweka WARN_AS_ERROR kuwa FAIL_ON_WARNINGS, zana itaendelea hadi mwisho kisha itarudisha hali ya kushindwa, hivyo mabadiliko hayo hayatapita kwenye mfumo wenu wa kujenga programu. Tangu Java 8 ya mwaka 2014, Javadoc nayo ina ukaguzi wake unaoitwa doclint.

Ninachokipenda zaidi, hata hivyo, ni mifano inayoendeshwa. Lugha ya Python imekuwa na moduli ya doctest tangu toleo la 2.1 la mwaka 2001: mistari inayoanza na >>> ndani ya maelezo huendeshwa kweli, na jibu hulinganishwa na lile lililoandikwa chini yake. Katika lugha ya Rust, mifano iliyomo ndani ya maelezo ya maktaba hukompailiwa na kuendeshwa pamoja na majaribio mengine kwa amri ya cargo test. Mfano uliopitwa na wakati hugeuka kuwa jaribio lililoshindwa, na jaribio lililoshindwa hupata mtu wa kulishughulikia siku ile ile.

Kwa sentensi za kawaida hakuna mashine ya kuwasaidia. Hapo wekeni kanuni kwamba anayekagua mabadiliko ayasome maelezo yaliyo juu ya kila fanksheni iliyoguswa, hata kama maelezo yenyewe hayakuguswa. Tabia ya zana za kukagua kuonyesha mistari iliyobadilika tu huufanya mstari uliosahauliwa usionekane kabisa, kwa hiyo mkaguzi hana budi kuifungua faili yenyewe.

SWALI: Ninapotumia Sphinx, zana ya kuandaa nyaraka, kwa msimbo wa Python, hujaribu kuunganika na hifadhidata. Kwa nini kuandaa nyaraka kuhitaji hifadhidata?
Mwanafunzi wa programu

JIBU: Nyongeza ya Sphinx iitwayo autodoc, inayokusanya maelezo kutoka kwenye msimbo, haiusomi msimbo wako kama maandishi tu, huziingiza moduli zako kwa import ili ichukue maelezo yaliyomo. Muunganisho ukifunguliwa moja kwa moja kwenye mwili wa moduli, utafunguka na wakati huo pia. Uhamishie ndani ya fanksheni inayoitwa pale tu unapohitajika.

SWALI: Je, kurasa zilizozalishwa zihifadhiwe kwenye hazina ya msimbo?
Msomaji

JIBU: Hapana. Hutokana na msimbo, na kila badiliko dogo litajaza historia yenu maelfu ya mistari ya HTML isiyosomwa na mtu. Zizalisheni upya katika kila toleo, mzihifadhi pamoja na toleo hilo, ili anayetumia toleo la zamani apate nyaraka zinazolingana nalo.