Wasomaji Wauliza: Kukutana na Wenyeji kwa Kubadilishana Lugha

SWALI: Ndugu Mhariri, natarajia kusafiri nje ya nchi kwa miezi miwili, nikitumia mabasi na kulala katika hosteli za bei nafuu. Katika safari zangu zilizopita nimejikuta nikizungumza na wasafiri wenzangu tu, na wenyeji niliowahi kuongea nao ni wale waliokuwa wakiniuzia kitu. Nimesikia kwamba mtu anaweza kuwafahamu wenyeji kwa kubadilishana nao lugha bila kulipa chochote. Jambo hilo hufanyikaje, na mimi ninayejua Kiswahili na Kiingereza cha kawaida nina nini cha kumpa mtu wa huko?
Msafiri wa mfuko mdogo

JIBU: Tuanze na hilo la mwisho, kwa kuwa ndilo linalowakwamisha wengi. Kiingereza chako cha kawaida kinamtosha kabisa mwenyeji aliyekisoma shuleni miaka mingi bila kupata mtu wa kuzungumza naye, na huenda akajisikia huru zaidi kukosea mbele yako, kwa sababu nawe ulikipata darasani. Wanaojifunza Kiswahili ni wachache zaidi, lakini wachache hao wana kiu, maana si rahisi kwao kumpata mzungumzaji wa kukaa naye ana kwa ana. Lugha hii inafundishwa katika vyuo kama SOAS mjini London, INALCO mjini Paris, vyuo vikuu vya Leipzig na Bayreuth nchini Ujerumani, L'Orientale mjini Napoli na Osaka nchini Japani, na kwingineko pia. Ikiwa njia yako inapita katika mji wa namna hiyo, mwandikie mwalimu wa Kiswahili wiki mbili tatu kabla ya kufika, umweleze utakuwapo siku gani na kwamba ungependa kuonana na mwanafunzi mmoja au wawili. Barua fupi yenye tarehe kamili hujibiwa haraka kuliko ndefu yenye shukrani nyingi.

Utaratibu wenyewe si mgeni. Baada ya Ufaransa na Ujerumani Magharibi kutia saini mkataba wao wa urafiki, Mkataba wa Élysée, mwezi Januari 1963, vijana wa nchi hizo mbili walianza kukutanishwa kwa wingi, na katika kozi zao za pamoja, kuelekea mwisho wa miaka ya 1960, ukajengeka mtindo unaoitwa tandemu: watu wawili wanakaa pamoja, kila mmoja akiwa mwalimu wa lugha yake na mwanafunzi wa lugha ya mwenzake. Kanuni zake mbili zinafuatwa hadi leo. Muda hugawanywa nusu kwa nusu, na kila mmoja huamua mwenyewe anachotaka kujifunza.

Kuhusu mahali pa kuwapata watu, wasafiri wengi hukimbilia madarasa ambamo wageni wanafundishwa lugha ya wenyeji, kisha wakashangaa kwamba wamezungukwa na wageni. Wewe tafuta mahali wenyeji wanapojifunza lugha unayoijua. Maktaba za umma katika miji mingi huwa na vikundi vya mazungumzo visivyo na kiingilio, na vituo vya lugha vya vyuo vikuu huwa na ubao wa matangazo, au ukurasa wa kuunganisha watu, ambao mara nyingi hata asiye mwanafunzi anaweza kuutumia. Programu za simu kama Tandem na HelloTalk hutoa huduma za msingi bila malipo, na faida yake kubwa kwa msafiri ni kwamba unaweza kuanza mazungumzo ukiwa bado nyumbani. Ipo pia mikutano mikubwa ya jioni ambayo washiriki hubandika kifuani bendera za lugha wanazozijua. Kwa maoni yangu mikutano hiyo inafaa kwa usiku wa kwanza mjini, lakini kelele ni nyingi na kila mtu anajitambulisha upya kila baada ya dakika tano. Mazungumzo ya maana huanza pale mnapokubaliana kuonana kesho yake mkiwa wawili.

Kila kitu hutegemea ujumbe wa kwanza. Usiandike "Mambo, tuwe marafiki," kwa sababu ujumbe wa aina hiyo humfikia mtu kila siku naye huupuuza. Andika kitu kama hiki: "Habari yako. Nitakuwa mjini kwenu kuanzia Jumatatu ijayo hadi Ijumaa. Najifunza Kihispania, naweza kueleza habari za familia na kazi, ila kusimulia mambo yaliyopita bado kunanishinda. Nimeona unajiandaa kwa usaili wa kazi kwa Kiingereza. Naweza kukuuliza maswali ya usaili kwa dakika 40, kisha nawe unisikilize nikisimulia safari yangu kwa dakika 40. Je, Jumatano alasiri, kwenye maktaba ya jiji, itakufaa?" Mtu akisoma hayo anajua utakuja lini, unataka nini, na yeye atapata nini.

Mkishakaa, kubalianeni mapema jinsi ya kusahihishana. Njia inayochosha kuliko zote ni kumkatiza mwenzako kila anapoteleza, kwani baada ya sentensi chache atakuwa anahofia kufungua kinywa. Chukua karatasi, uikunje katikati, upande mmoja andika alichosema na upande wa pili namna wewe ungelisema jambo hilohilo, kisha nusu yake ya muda ikiisha mpitie makosa matatu au manne yaliyojirudia, na mengine uyaache. Mwachie karatasi hiyo aondoke nayo. Nenda pia na kitu cha kuzungumzia, iwe picha tano ulizopiga njiani au habari fupi ya gazeti, kwa maana maswali ya "unatoka wapi, unafanya kazi gani" huisha upesi sana.

SWALI: Nimejaribu kubadilishana lugha kwa programu ya simu. Wa kwanza alitaka Kiingereza tu, nami sikupata nafasi ya kutamka neno la lugha yake. Wa pili alianza kuniuliza kama nimeolewa. Je, niache?
Msomaji wa kike

JIBU: Usiache, dada, ila badili utaratibu. Kwa huyo wa kwanza, anzeni na lugha iliyo ngumu zaidi kwenu, kwa kuwa ile iliyo rahisi kwenu wote wawili ikishatangulia ni vigumu kuiondoa, kisha muiwekee kila nusu kengele ya simu. Akikataa kubadili baada ya kengele kulia mara mbili, basi anatafuta mwalimu wa bure, na huna deni kwake.

Kwa huyo wa pili, mfungie mawasiliano na umripoti bila kumweleza sababu. Huduma hizi zimewekwa kwa ajili ya kujifunza lugha, na kanuni zake haziruhusu usumbufu wa namna hiyo. Unapokutana na mtu kwa mara ya kwanza, kutaneni mchana mahali penye watu, usimtajie unapolala, mjulishe mtu unayemwamini jina na saa, na uwe na nauli yako ya kurudia.

SWALI: Je, ni vibaya kumwomba mwenyeji niliyebadilishana naye lugha anipe mahali pa kulala?
Mwanafunzi

JIBU: Usiombe. Akikukaribisha mwenyewe ni jambo jingine, lakini ombi lako litamfanya ajiulize kama mazungumzo yote yale yalikuwa njia ya kufika kwenye kitanda chake cha wageni. Kwa malazi ipo mitandao yake. Servas, iliyoanzia Denmark mwaka 1949 kwa lengo la kukuza amani, humfanyia msafiri mahojiano kabla ya kumpokea, na kwa kawaida hukaribishwa kwa siku mbili. Couchsurfing ilianza mwaka 2004, na tangu 2020 hutoza ada katika nchi nyingi. Wanaozungumza Kiesperanto, lugha iliyobuniwa ili watu wa mataifa mbalimbali waelewane, wana Pasporta Servo, orodha ya wenyeji wanaowalaza bila malipo wazungumzaji wenzao, kwa hiyo hapo lugha ndiyo kodi ya chumba.

Uwe mwangalifu na mapatano ya kufundisha ili upate chumba. Katika nchi kadhaa sheria za uhamiaji huihesabu shughuli hiyo kuwa kazi hata pasipo mshahara, na viza ya utalii hairuhusu kazi. Kukaa maktabani na rafiki mkibadilishana lugha hakuna tatizo. Kuwafundisha watoto wa mwenye nyumba kila asubuhi kwa malipo ya kitanda ni suala la kuuliza ubalozini kwa maandishi kabla hujakata tiketi, na majibu yao uyahifadhi.