Waaustralia hawana presha? Ukija Perth soma hii kwanza

Kila mara kuna mdogo wangu wa Dar au Mombasa ananitumia meseji, kapata viza ya masomo anakuja Perth, na swali ni lile lile, eti kaka ni kweli hawa jamaa hawana presha, maisha ni bichi na nyama choma tu? Nimewajibu kwa voisi noti mpaka nimechoka, bora niandike.

Kwa ninavyowaona mimi, kwenye vyeo hawana presha kabisa, ila kwenye utaratibu wana presha kuliko watu wote niliowahi kuishi nao. Wageni wengi wanaona ile ya kwanza wanadhani na ya pili ni hivyo hivyo, hapo ndipo faini zinapoanza.

Vyeo kwanza. Meneja utamwita jina lake la kwanza tangu siku unaripoti, profesa anakuja darasani na kaptula na hataki umwite profesa, sisi tuliolelewa na shikamoo ulimi unakuwa mzito wiki za mwanzo lakini utazoea. Bob Hawke, aliyekuwa waziri mkuu wao kuanzia 1983, enzi akisoma Oxford alishika rekodi ya dunia ya kunywa bia kwa haraka, na haikumharibia siasa hata kidogo, ndiyo kwanza wakampenda. Mwaka huo huo wa 1983 boti ya klabu ya hapa hapa Perth ikashinda America's Cup, kombe la mashindano ya boti za tanga ambalo Wamarekani walikuwa wamelikalia miaka 132, basi mzee Hawke akaibuka kwenye tivii asubuhi anacheka, anasema bosi atakayemfukuza mtu kazi kwa kutotokea siku hiyo ni mtu wa hovyo. Hebu fikiria rais wa kwetu aseme hivyo!

Sasa watu hao hao kupiga kura kwao ni lazima tangu 1924, usipotokea uchaguzi wa taifa na huna sababu ya maana unaandikiwa faini ya dola 20, na wala hawalalamiki, wanapanga foleni wanakula soseji zinazochomwa nje ya kituo. Jimbo la Victoria lililazimisha mkanda wa gari 1970, kabla ya sehemu nyingine yoyote duniani, na 1990 likalazimisha helmeti kwa baiskeli, majimbo mengine yakafuata. Hapa kwetu wikiendi ndefu za sikukuu pointi za makosa ya barabarani zinahesabiwa mara mbili, na kwenye leseni ya kawaida ukifikisha 12 ndani ya miaka 3 unapaki gari. Kamera haijui kwamba ulishika simu kumjibu mama.

Ila kilichonimaliza ni korona. Jimbo letu la Western Australia lilifunga mpaka wake mwezi Aprili 2020, na sio mpaka na nchi nyingine, mpaka na Waaustralia wenzao wa Sydney na Melbourne, watu wakashindwa kwenda kuzika wazazi, na mpaka haukufunguliwa kikamilifu hadi Machi 2022. Katikati hapo, Machi 2021, kukawa na uchaguzi wa jimbo na chama cha Mark McGowan, kiongozi aliyefunga mpaka, kikazoa viti 53 kati ya 59. Watu wasiopenda kupangiwa hawapigi kura hivyo bana.

Utaliona hili vizuri siku ya ukaguzi wa nyumba ya kupanga. Hapa wakala anaruhusiwa kuja mpaka mara 4 kwa mwaka, na anakuja kweli. Dada wa watu anaingia anatabasamu, anakuuliza habari za wikiendi, anakusifia mmea wako, huku anafungua oveni anaipiga picha ndani, anapitisha kidole kwenye reli ya dirisha, anaangalia feni ya bafuni kama ina vumbi. Anaaga vizuri kabisa. Kesho yake imeli inaingia, kwa lugha laini sana, kwamba oveni isafishwe ndani ya siku kadhaa na utume picha. Ule upole sio unafiki, ndivyo wanavyofanya kazi, na imeli sio ombi. Kazini vivyo hivyo, msimamizi akikwambia ukipata nafasi uangalie kile kitu, acha unachofanya ukakiangalie.

Ushauri mwingine ambao hauandikwi popote: usijisifu. Sisi mtu akinunua gari jipya tunampongeza na tunataka soda, hapa mwenye gari jipya ndiyo wa kwanza kusema ah, nilipata bei nzuri tu. Ukianza kueleza digrii zako mezani watakutania mpaka unywee, na ukinuna ndiyo umeharibu zaidi. Tania nawe, ila anza kwa kujitania mwenyewe.

Na baa kuna raundi. Mko wanne, mmoja ananunulia wote, halafu mwingine, hakuna anayeandika lakini kila mtu anakumbuka. Hata kama hunywi pombe, kunywa soda yako na zamu yako ikifika nenda kaunta ukawanunulie bia zao, maana atakayeondoka kabla ya raundi yake atasemwa mwezi mzima. Huna hela? Sema mapema kwamba leo unajinunulia mwenyewe, hakuna atakayekusumbua.

Kuhusu urafiki nisikudanganye. Mtu wa keshia dukani atapiga stori na wewe kama mmekua wote, jirani atakupungia mkono kila asubuhi, lakini kuingia sebuleni kwake inaweza ikachukua miaka, na huwezi kwenda kugonga mlango tu kama Tanga. Perth hasa wengi bado wako na marafiki wa shule ya sekondari, duara limeshajaa. Kusubiri ualikwe ni kupoteza muda. Njia niliyoona inafanya kazi ni kujiunga na kitu chenye ratiba: mbio za parkrun za Jumamosi asubuhi ni kilomita 5 na ni bure, timu za mtaani za netiboli na futi (footy, mpira wao wa Kiaustralia) zinatafuta watu kila msimu, bichi kuna klabu za waokoaji wa kujitolea na wanakufundisha wenyewe kama unajua kuogelea. Hawa watu wanafunguka wakiwa wanafanya kitu pamoja, sio wakiwa wamekaa wanatazamana. Fika kwa wakati, na wakigawa zamu za kuchoma soseji za kuchangisha hela ya klabu, andika jina lako bila kuulizwa.