Coe na rekodi ya Bayi

SWALI: Mhariri shikamoo. Mzee mmoja hapa kijiweni anang'ang'ania kwamba huyu Sebastian Coe, bosi wa riadha duniani, ndo alimvunjia Filbert Bayi rekodi ya mita 1500. Sisi tunabisha, huyo si mwanasiasa tu wa suti, lini kavaa viatu vya misumari? Tuamulie. Vijana wa kijiweni, Tanga

JIBU: Marahaba. Mwombeni mzee radhi, na kahawa mumlipie. Bayi alikimbia 3:32.16 kule Christchurch Februari 1974, yani alichomoka mbele toka bastola inalia mpaka mwisho, John Walker anamfukuza hampati. Rekodi ikakaa miaka mitano, halafu Agosti 1979 Coe akakimbia 3:32.03 pale Zürich. Piga hesabu hapo, sekunde 0.13, hata kope hujafumba ukafumbua. Na Coe mwaka ule alikuwa wa moto, Julai kule Oslo alishavunja ya mita 800 na ya maili, zote tatu ndani ya siku 41.

Ila mimi utamu wangu uko Olimpiki ya Moscow 1980. Kila mtu alijua 800 ya Coe, 1500 ya Mwingereza mwenzake Steve Ovett ambaye kwa miaka mitatu hakuna aliyemgusa kwenye umbali huo. Basi kwenye 800 Coe akalala nyuma huko, akawa anazungukia nje, anakuja kushtuka Ovett kashaenda na dhahabu. Baba yake, Peter, injinia ambaye ndo alikuwa kocha wake, alimchana laivu. Siku sita baadaye kwenye 1500 hakulala tena, akamganda Jürgen Straub wa Ujerumani Mashariki, kona ya mwisho akamwacha, Ovett akawa wa tatu. Wakabadilishana dhahabu hivyo! 1984 Los Angeles akaichukua tena hiyo 1500, na mpaka leo hakuna mwanaume mwingine aliyeishinda mara mbili Olimpiki. Cha ajabu dhahabu ya 800 ya Olimpiki hakuipata kabisa, mtu aliyekimbia 1:41.73 Florence 1981, muda ambao haukuvunjwa mpaka 1997 alipotokea Wilson Kipketer, mzaliwa wa Kenya akikimbia kwa bendera ya Denmark.

Suti nazo ni kweli, hapo hamjakosea. Alikuwa mbunge 1992 mpaka 1997, akaongoza maandalizi ya London 2012 (kulekule David Rudisha alikomaliza 800 kwa 1:40.91), na bosi wa riadha amekuwa toka 2015.

Na kabla mzee hajawauliza: Bayi naye alikuwepo Moscow, ila alishahamia mita 3000 kuruka viunzi na maji, akarudi Tanzania na medali ya fedha.