Kabla Hujamkabidhi Mwalimu Darasa

Ukiteuliwa kwa mara ya kwanza kuketi kwenye jopo la kuajiri mwalimu wa darasa, utaletewa rundo la faili, na utajikuta unasoma alama za vyeti hadi jioni. Nimekuwa kwenye jopo la shule ya binafsi huku Eastlands, Nairobi, kwa miaka 11. Wewe unayeanza, naomba uyajue mapema mambo ambayo mimi niliyajua nimeshachelewa.

Vyeti vikague, ila visikumalizie siku. Anza na nambari ya TSC, yaani ile ya usajili wa mwalimu kwenye Tume ya Huduma za Walimu. Sheria ya Tume ya Huduma za Walimu ya mwaka 2012 hairuhusu mtu ambaye hajasajiliwa kufundisha, iwe shule ya umma au ya binafsi. Nakala aliyokuletea haitoshi. Ingia kwenye tovuti ya Tume, uweke nambari, ulinganishe jina na lile la kitambulisho. Majina yakitofautiana kwa sababu ya ndoa, muulize kwa heshima, atakueleza. Cheti cha maadili mema cha DCI, idara ya upelelezi wa jinai, kiwe cha karibuni. Tena, Tume huchapisha kwenye gazeti rasmi la serikali majina ya walimu waliofutwa usajili. Yasome. Aliyefutwa kwa kumdhulumu mtoto akitaka kurudi darasani, atabisha pale wanapoajiri kwa pupa, na shule nyingi za mitaa yetu huajiri kwa pupa kila Januari.

Na tafadhali, usimdharau mwenye P1, kile cheti cha zamani cha ualimu wa msingi, kwa kuwa wa leo wanatoka chuoni na diploma. Nimewaona walimu wa P1 wakiushika mtaala wa umilisi vizuri kuliko sisi tuliowahoji.

Sasa nije kwenye lile lililo moyoni mwangu. Mwalimu wa gredi ya tatu hukaa na watoto walewale tangu gwaride la asubuhi hadi kengele ya kwenda nyumbani. Huwezi kumjua mtu huyo ukiwa umemkalisha kwenye kiti ofisini. Mpe darasa lenye watoto halisi, dakika 30, nawe uketi nyuma na daftari.

Mwaka mmoja tulikuwa na walimu wawili wa mwisho. Wote walifundisha kutoa, na hesabu ubaoni ilikuwa 42 toa 17. Wa kwanza alikuwa na sauti nzuri, mwandiko safi, na andalio la somo lililopangika. Akapita kwenye madawati akisahihisha. Kijana mmoja wa dawati la nyuma alikuwa ameandika 35. Mwalimu akamwekea alama nyekundu ya kosa, akasonga mbele.

Wa pili alifundisha mkondo ule mwingine, akakuta 35 ileile kwenye daftari la msichana mmoja. Akachutama hadi macho yao yakalingana. "Hebu nionyeshe ulivyofanya." Mtoto akanong'ona kwamba mbili ni ndogo, kwa hiyo alitoa mbili kwenye saba. Mwalimu hakusema amekosea. Alitoa mfukoni vifungu vinne vya vijiti, kila kimoja vijiti kumi vilivyofungwa kwa mpira, akaongeza vijiti viwili, akamwambia, "Nipe saba." Msichana akatazama vile viwili. Akamtazama mwalimu. Kisha, bila kuambiwa, akafungua mpira wa kifungu kimoja.

Somo hilo halikukamilika, kengele ilimkuta katikati, na mwenzangu mmoja akamkata alama. Nilibishana naye hadi wengine wakachoka. Yule mama, mwalimu wa pili, tulimwajiri.

Kwa hiyo ukiwa huko nyuma, usimwangalie sana mwalimu anapozungumza. Mwangalie mtoto aliyekosa, na uone kama mwalimu anamfikia.

Somo likiisha, piga simu kwa shule aliyotoka. Nambari ya wadhamini aliyoiandika yeye ni sawa, lakini mtafute pia mwalimu mkuu kupitia ofisi ya shule yenyewe. Uliza swali moja tu, kisha unyamaze: "Ungemrudisha kwako?" Kimya cha upande wa pili nacho kina habari. Kuna mwaka sikupiga simu hiyo kwa sababu tulikuwa tumebakiza siku mbili shule zifunguliwe. Kabla muhula haujaisha, watoto wa gredi ya pili walikuwa wamepita mikononi mwa walimu watatu, na mtoto mmoja, aliyekuwa akisoma kwa sauti bila woga, aliacha kabisa kuinua mkono. Sijalisahau.

Zungumzeni pia habari ya Tume. Mwalimu mzuri Nairobi yumo kwenye foleni ya kuajiriwa na TSC katika shule za umma, na akiitwa ataenda; usimlaumu, ni mkate wake na pensheni yake. Muulize wazi, na anayekujibu ukweli mpe sifa kwa hilo. Mkataba uwe wa maandishi. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Mkubaliane kwamba siku hizo atazitumia kumkabidhi mwenzake rejista, maazimio ya kazi, na maelezo ya kila mtoto: nani haoni ubaoni, nani huja bila kunywa chai.

Mshahara utaje kabla hajafundisha somo la majaribio. Anayetoka mbali kama Ruai, pembezoni mwa jiji, na kutakiwa langoni saa moja kasorobo ana haki ya kupiga hesabu ya nauli mapema. Wale ambao hamtawaajiri, wapigie simu wiki hiyohiyo, uwaambie kilichokuwa kizuri katika somo lao.